Kipasha Joto au Kihamijoto? Istilahi Tatu za Dari

Miongoni mwa tafsiri zilizotufikia ni kijitabu kilichoandikiwa wahamiaji wasemao Kiswahili, hasa watokao Kongo, wanaonunua nyumba mpya katika majimbo ya baridi ya Marekani. Sura moja yamtaka mnunuzi aamue kama alipe zaidi ili tabaka la nyuzi za kioo lililo juu ya dari liongezwe unene. Sarufi ya tafsiri haina dosari. Hata hivyo, istilahi tatu zimeiharibu shabaha yake, na kosa la istilahi hapa humgharimu msomaji fedha.

Ya kwanza ni kipasha joto cha dari. Kupasha ni kukitia kitu joto: moto hupasha, jua hupasha. Tabaka hili halizalishi joto hata chembe. Hupunguza tu kasi ya joto kupita. Likiwekwa chini ya bati la Dodoma, huzuia joto la jua lisiingie. Je, huko nako tuliite kipasha joto? Istilahi njema haina budi kufaa Minnesota mwezi wa Januari na Dodoma mwezi wa Oktoba. Kitenzi hami, yaani kulinda, kimekwisha kutupa kihami katika somo la umeme. Kwa kuwa wengi wakisikia kihami hufikiria waya, twapendekeza kihamijoto.

Ya pili ni paa, neno lililotumiwa kwa nafasi iliyo kati ya dari na paa lenyewe. Kijitabu chasema tabaka "huwekwa kwenye paa". Kwa kawaida fundi hulitandaza juu ya dari, na nafasi iliyo juu yake huachwa ipitishe hewa ya nje ili unyevu usikusanyike. Kulibana kati ya makombamoyo ni mtindo mwingine wenye masharti mengine. Msomaji atabishana na fundi kwa kosa la mfasiri. Dari nalo halitoshi, maana pwani huitwa hivyo hata orofa ya juu. Yafaa tuseme uvungu wa paa; uvungu wa kitanda haumpotezi mtu.

Ya tatu, nayo ndiyo mbaya kupita zote, ni thamani ya R. Herufi hiyo ni kipimo cha jinsi tabaka linavyokinza joto. Lakini msomaji akiona thamani huwaza bei na faida; thamani ikizidi maradufu, ataamini faida nayo imezidi maradufu. Sivyo. Tuseme dari yenye R 20 hupoteza vipimo 100 vya joto. Ikifikishwa R 40 itapoteza 50; ikifikishwa R 60 itapoteza 33. Nyongeza ya kwanza imeokoa vipimo 50, ya pili, yenye unene ule ule, 17 tu.

Jambo hili si la darasani. Kanuni ya kielelezo ya nishati ya Marekani ya mwaka 2018 ilitaka R 49 kwa dari za maeneo ya baridi; ile ya mwaka 2021 ilitaka R 60. Anayetoka 49 hadi 60 hupunguza karibu asilimia 18 ya joto lipitalo darini, wala si ya gharama yote ya kupasha nyumba. Huenda fedha hizo zikafaa zaidi kuziba nyufa kandokando ya mabomba na taa, kazi iliyo rahisi kabla nyuzi hazijatandazwa. Ukinzani wa joto ungalimwonyesha msomaji kwamba kinachopimwa ni kizuizi, wala si faida.

Hatudai kwamba mapendekezo haya ni amri. Wafasiri na walimu wayapime kazini. Tunalosisitiza ni kwamba mfasiri aulize kwanza kitu kinafanya kazi gani, ndipo akitafutie jina. Mnunuzi aliyepewa jina la uongo hawezi kufanya uamuzi wa kweli.