Kususia Kuna Ufundi Wake

Tarehe 3 Novemba 2017, siku chache baada ya uchaguzi wa marudio, muungano wa upinzani wa NASA, ulioongozwa na Raila Odinga, uliwataka wafuasi wake wasusie bidhaa za Safaricom (simu), Brookside (maziwa) na Bidco (mafuta ya kupikia), ukidai kampuni hizo zilikipendelea chama cha Jubilee cha Rais Uhuru Kenyatta. Mwaka wa fedha uliokwisha Machi 2018, faida ya Safaricom ilipanda kutoka takriban shilingi bilioni 48 hadi 55. Kusema basi kwamba Wakenya hawana msimamo ni kuwaonea. Ususiaji hushika pale mtu anapoweza kukiacha kitu bila kumuumiza asiyehusika, na wenzake wanapomwona amekiacha. Laini ya simu ya Safaricom haikutimiza masharti hayo. Tangu 2011 Mkenya aliweza kuhama mtandao na namba yake, lakini pesa zake za M-Pesa, huduma ya Safaricom, hazikuhama naye. Mwuza viazi wa Karatina aliyehamia Airtel mwaka 2017, mteja wake wa M-Pesa hakuweza kumtumia hela zikaingia kwenye simu yake. Alitumiwa namba ya siri, akalazimika kumtafuta wakala wa kumtolea hela. Karo, chama, mzigo wa kesho sokoni, vyote vilipita M-Pesa. Kuhama peke yake kungemgharimu yeye kabla ya kuigharimu kampuni, wala hakuna ambaye angejua amehama.

Maziwa yalikuwa na ugumu wa aina nyingine, nao huonekana vizuri zaidi ukisimama Nyeri. Brookside ni ya familia ya Kenyatta, na Danone ya Ufaransa ilinunua asilimia 40 mwaka 2014. Lakini maziwa yenyewe hutoka kwa wafugaji wadogo, wengi wao wa nyanda hizi za Mlima Kenya. Pakiti inayokataliwa Kisumu humrudia kwanza mwenye ng'ombe wawili, kabla ya kumfikia mwenye hisa. Tena eneo hili lilimpigia Uhuru kura karibu zote, kwa hiyo mwito ule ulisikika huku kama shambulio juu ya watu wa mlima. Wanunuzi wengi walikuwa wameupotea mwito huo kabla ya siku ya kwanza.

Linganisha na mwaka 1953. Mau Mau waliwakataza Waafrika wa Nairobi, wengi wao wakiwa wametoka Nyeri, Murang'a na Kiambu, kupanda mabasi, kunywa bia ya Wazungu na kuvuta sigara zao. Mabasi yalipoteza abiria kwa miezi mingi. Mtu ataniambia hiyo ilikuwa hofu tu, na ni kweli waliokaidi walitishwa na wengine waliadhibiwa. Jambo hilo silitetei. Ila hofu peke yake haielezi yote. Basi hupandwa hadharani, na badala yake ni miguu. Weusi wa Montgomery, Marekani, walisusia mabasi siku 381 kuanzia Desemba 1955 bila vitisho vya aina hiyo, kwa kutembea na kupanga magari ya kubebana, nao walikuwa na dai ambalo lingeweza kutimizwa. NASA haikuipa Safaricom jambo bayana la kufanya ili isamehewe.

Wapo wanaosema shinikizo lile lilizaa maridhiano ya Uhuru na Raila ya Machi 9, 2018. Siuoni ushahidi katika vitabu vya hesabu; kampuni isiyopoteza mapato haina sababu ya kumsukuma rais. Kilichombana yule mwuza viazi kililegea Aprili 2018, M-Pesa na Airtel Money zilipozindua utumaji wa pesa wa moja kwa moja baina yao. Wakati huo hakukuwa tena na aliyekuwa akisusia.