Kuoa na Kuolewa: Ubaguzi wa Kijinsia katika Lugha Isiyo na Jinsia ya Kisarufi

Katika kumbi za sherehe za mtaa wa Golf, mjini Lubumbashi, harusi ya Jumamosi huwa na lugha mbili. Kadi ya mwaliko huandikwa kwa Kifaransa: familia mbili zina heshima ya kuwaalika wageni kwenye ndoa ya watoto wao. Watoto hao hutajwa bega kwa bega, na ndoa ni moja kwa wote wawili. Lakini mshereheshaji anaposhika maikrofoni na kuanza kusema Kiswahili, watoto wale hutengana. Mmoja anaoa, mwingine anaolewa, na wazazi wa huyu wa pili wanaoza. Hakuna mgeni anayeshtuka, kwa kuwa ndivyo Kiswahili kisemwavyo toka Golf hadi Katuba, na toka Lubumbashi hadi Lamu.

Jambo hili dogo linastahili kuangaliwa upya, maana lipo dai ambalo husikika mara kwa mara katika madarasa ya isimu: kwamba Kiswahili, kwa kuwa hakina jinsia ya kisarufi, hakiwezi kuwa na ubaguzi wa kijinsia. Dai hilo lina msingi. Kiwakilishi *yeye* hakimbagui mwanamke na mwanamume. Kiambishi *a-* cha nafsi ya tatu humbeba yeyote. Ngeli ya A-WA inawakusanya watu wote, pamoja na mbuzi na samaki. Bi Judith Suminwa Tuluka alipoteuliwa tarehe 1 Aprili 2024 kuwa mwanamke wa kwanza kuiongoza serikali ya Kongo, walioandika Kifaransa ilibidi wachague kati ya *Madame le Premier ministre* na *la Première ministre*. Walioandika Kiswahili hawakuwa na la kuchagua. Yeye ni waziri mkuu, kama walivyokuwa waliomtangulia. Hata hivyo, kutoka ukweli huo hadi kudai kwamba lugha haina hatia yoyote ni mruko mrefu mno.

Ili kuupima mruko huo, inafaa kwanza kuitazama lugha iliyo upande wa pili kabisa. Katika Kiitaliano jinsia imo karibu katika kila neno linalomhusu mtu: katika nomino, kibainishi, kivumishi, na hata katika vitenzi vingi vya wakati uliopita. Wakifika wanawake tisini na tisa pamoja na mwanamume mmoja, sarufi ya shuleni hudai kwamba kitenzi kivae wingi wa kiume, *sono arrivati*. Mtu mmoja anawafunika wote. Mwaka 1987 ofisi ya waziri mkuu wa Italia ilichapisha utafiti wa Alma Sabatini juu ya ubaguzi wa kijinsia katika Kiitaliano, pamoja na mapendekezo ambayo yalikuwa yametangulia kutolewa mwaka 1986 kwa ajili ya shule na wachapishaji wa vitabu vya shule. Sabatini alitaka mwanamke aonekane katika maandishi. Mwanamke aliye waziri aitwe *ministra*, meya aitwe *sindaca*, wakili aitwe *avvocata*. Viambishi tamati kama *-essa*, ambavyo aghalabu vilikuwa na harufu ya dhihaka au ya «mke wa fulani», visiongezwe. Na majina ya ukoo ya wanawake yasitanguliwe na kibainishi ilhali ya wanaume huachwa peke yake.

Waitaliano wengi walicheka wakati ule. Walisema *avvocata* ni neno baya la kuundwa, wakasahau kwamba Wakatoliki walikuwa wakimwita Bikira Maria kwa neno hilohilo katika sala kwa karne nyingi. Ubishi wenyewe haujaisha: mwaka 2022, Giorgia Meloni, mwanamke wa kwanza kuiongoza serikali ya Italia, aliamua kuitwa *il presidente*, kwa kibainishi cha kiume.

Je, mapendekezo ya Sabatini yanaweza kuhamishiwa katika Kiswahili? Yakihamishwa neno kwa neno, yataleta madhara. Dawa yake ni kuonyesha jinsia pale ilipofichwa. Kiswahili hakikuificha, hakikuwa nayo. Katika sala hiyohiyo ya Kikatoliki, Bikira Maria kwa Kiswahili huitwa *mwombezi*, na neno hilo halikuwahi kuhitaji umbo la kike. Anayeandika *mwalimu wa kike*, *mbunge mwanamke* au *daktari wa kike* mahali ambapo jinsia ya mhusika haina uzito wowote katika habari, hamwonyeshi mwanamke. Anamweka pembeni, kana kwamba mwalimu kamili ni yule asiyehitaji maelezo. Ushahidi ni kwamba maelezo hayo hugeuka kulingana na kazi. Ni nadra kusikia *daktari wa kiume*, lakini *muuguzi wa kiume* husikika. Sarufi haina jinsia, lakini msemaji ameingia katika sarufi hiyo akiwa tayari na picha ya nani hukaa wapi.

Kwa hiyo ubaguzi katika Kiswahili hautafutwi katika ngeli. Unatafutwa katika mnyambuliko wa vitenzi na katika maana za maneno, na hakuna mahali unapoonekana wazi kuliko katika kitenzi *oa*. Mzizi huu una familia kamili: *oa*, *olewa*, *oana*, *oza*. Kwa kanuni za mnyambuliko, kauli ya kutendwa iko wazi kwa kila mtu. Chochote kinachopigwa hupigwa, awe mwanamume au mwanamke. Lakini *olewa* imefungwa. Mwanamume anayesemwa kwamba «ameolewa» ametukanwa: maana yake ni kwamba amehamia kwa mkewe, analishwa, hana sauti. Mwanamke anayesemwa kwamba «ameoa» ama anataniwa ama analaumiwa kwa kumtawala mumewe. Pale ambapo kauli ya kutendwa ni tusi kwa mtu mmoja na ni hali ya kawaida kwa mwingine, haitoshi kusema kwamba hiyo ni sarufi tu. Sarufi ingeruhusu yote mawili. Kinachokataza ni jamii, nayo imetia katazo lake ndani ya umbo la kitenzi.

*Oza* inazidi. Hapa hata yule anayeolewa si kiima tena, ni yambwa. Baba *amemwoza* binti yake. Ni kweli kwamba husemwa pia kuwa mzee fulani amemwoza mwanawe wa kiume, yaani amemtafutia mke na kumlipia mahari; lakini huyo, akisha kuozwa, husemwa kwamba *ameoa*. Binti akisha kuozwa husemwa kwamba *ameolewa*. Kijana anarudishiwa utendaji wake siku hiyohiyo, binti harudishiwi.

Kiswahili si peke yake katika hili. Kibemba, ambacho Wanalubumbashi wengi wanakisikia nyumbani, hutofautisha vivyo hivyo *ukuupa* kwa mwanamume na *ukuupwa* kwa mwanamke. Wala si jambo la Kiafrika tu, kama wapendavyo kusema baadhi ya watu. Kilatini kilikuwa na namna moja ya kusema kwa mume, aliye«mwongoza» mke nyumbani, na kitenzi kingine, *nubere*, kwa mke. Kiitaliano kilirithi mgawanyiko huo katika *ammogliarsi*, kujipatia mke, na *maritarsi*, kujipatia mume. Leo vitenzi hivyo viwili vimechakaa, na wote wawili hutumia *sposarsi*. Hakuna tume iliyovifuta. Vilififia kwa sababu kitenzi cha tatu, kinachowafaa wote wawili, kilikuwepo tayari. Hapa ndipo mfano wa Italia unapomfaa msomaji wa Kiswahili zaidi kuliko katika mabishano ya *ministra* na *ministro*, maana Kiswahili nacho kina kitenzi chake cha tatu: *oana*.

Huenda ikaulizwa kama haya yote yana athari yoyote nje ya chumba cha mhadhara. Yanayo, na mahali pake ni ofisi ya serikali. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inakitaja Kiswahili kuwa moja ya lugha nne za taifa, lakini lugha rasmi ni Kifaransa; hivyo sheria huandikwa kwa Kifaransa na wananchi hufafanuliwa kwa Kiswahili, mara nyingi kwa mdomo. Katika ibada na katika ofisi ya manispaa, bwana harusi akiulizwa kwa Kiswahili, huulizwa kama anakubali kumwoa huyu. Bibi harusi huulizwa kama anakubali kuolewa na huyu. Sheria inataka ridhaa mbili zilizo sawa. Swali la Kiswahili linamwomba mmoja aridhie kutenda, na mwingine aridhie kutendwa. Kuuliza wote wawili kama wanakubali *kuoana* kusingehitaji neno jipya wala semina ya istilahi.

Mfano wa pili ni mzito zaidi. Sheria ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987 ilimtangaza mume kuwa mkuu wa nyumba, ikamdai mke utii, na kumtaka apate idhini ya mume kabla ya kujifunga kwa matendo ya kisheria. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 iliirekebisha: idhini ya mume iliondolewa, na badala yake wanandoa wanatakiwa kuafikiana. Cheo cha mkuu wa nyumba, hata hivyo, kilibaki. Sasa, neno ambalo marekebisho hayo yanalitegemea ni *les époux*, yaani wanandoa kwa pamoja. Kiswahili sanifu kina *wanandoa*, neno zuri lisilompendelea yeyote. Lakini katika Kiswahili cha Lubumbashi neno hilo halina mizizi. Anayefafanua sheria husema *bwana na bibi*. Hapo usawa uliopatikana bungeni huanza kupotea kabla sentensi haijafika mwisho.

Hupotea kwa sababu maneno hayo mawili si mizani. *Bwana* mjini Lubumbashi ni mume. Lakini pia ni mwenye mali, ni msimamizi wa kizungu aliyeamrisha katika migodi ya enzi za ukoloni, na ni Bwana Mungu kanisani. *Bibi* ni mke, na ngazi yake inaishia hapo. Pwani ni bibi mzaa baba au mama, au ni mwanamke wa heshima. Sabatini angeitambua hali hii mara moja. Kiitaliano kina jozi kama *governante*: kwa mwanamume ni mtawala wa nchi, kwa mwanamke ni mtumishi anayetunza nyumba na watoto wa wengine. Umbo ni moja, vyeo viwili. Anayesema kwamba bwana na bibi wataafikiana juu ya nyumba, amekwisha kusema, bila kukusudia, nani mwenye nyumba.

Mengine yaweza kutajwa kwa ufupi. *Binadamu*, neno tunalolitumia kwa haki za watu wote, limebeba *bin* ya Kiarabu, mwana wa kiume wa Adamu. Lakini mzigo huo umesahaulika, na kuufufua ili kuupiga vita ni kupoteza wakati. *Malaya* ni nomino isiyo na jinsia yoyote, na bado msikilizaji humwona mwanamke; hapa kimya cha sarufi hakikumsaidia mtu. Kamusi za zamani ziliusajili mkono wa kushoto kuwa *mkono wa kike*, na *kuume* ingali upande wa kulia katika lugha ya sala. Msemaji wa leo anaposema *kuume* hafikirii wanaume. Si kila kisukuku kinauma.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni lile la mahari. Itasemwa kwamba kitenzi kinafuata desturi: familia ya mume ndiyo inayotoa, familia ya mke inapokea, na sheria yenyewe ya Kongo inaitambua mahari, basi lugha inasema ukweli, na kuibadilisha ni kuficha. Pingamizi hili halipaswi kudharauliwa. Tena wapo wanawake wengi wanaosema «naolewa» kwa fahari, na mtafiti hana haki ya kuwanyang'anya fahari yao. Lakini mahari hutolewa na familia kwa familia, ilhali kitenzi kinawataja watu wawili. Familia zikitaka kusema kwamba zimepokea na zimetoa, zinayo maneno hayo. Na wala *oana* haifichi chochote: ni umbo la kawaida, hupatikana katika kila kitabu cha sarufi, na vijana wa Lubumbashi hulitumia wanapozungumza juu ya wenzao, «wameoana mwaka jana». Wanalitumia baada ya harusi. Siku ya harusi yenyewe, mbele ya wazee na maikrofoni, hurudi *anaoa* na *anaolewa*.

Linabaki tatizo ambalo *oana* hailitatui. Wazazi wa Golf wanaotaka kutangaza kwa Kiswahili kile kilichoandikwa kwenye kadi yao, kwamba familia mbili kwa pamoja zinawafungisha ndoa watoto wao, watakuta kwamba *oza* humhitaji mtoaji na mtolewa. *Ozana* haisikiki. *Fungisha ndoa* ipo, lakini imeshikwa na padri na ofisa wa serikali. Washereheshaji wachache wameanza kusema kwamba familia zimekuja «kuunganisha watoto», msemo ambao haumo katika kamusi chini ya neno *ndoa*, na ambao wageni wanauelewa bila kufafanuliwa.