Spinachi ya mlimani: pima udongo, hesabu saa za mwanga

Anayengoja jalidi iishe ndipo apande spinachi mlimani amekwisha kuchelewa. Hilo linaonekana wazi Leadville, mji wa jimbo la Colorado nchini Marekani, uliojengwa kwenye Milima ya Rocky zaidi ya mita 3,000 juu ya usawa wa bahari. Theluji huanguka huko hata mwezi Mei, na usiku wa Julai joto hushuka hadi kama nyuzi 4. Nyanya na mahindi hayana nafasi nje. Spinachi inayo, ila tarehe yake haipatikani kwa kuhesabu siku tangu jalidi ya mwisho. Vinavyoipanga ni viwili: joto la udongo na urefu wa mchana.

Tuanze na udongo. Majaribio ya J. F. Harrington wa Chuo Kikuu cha California, ambayo takwimu zake hutumika sana katika vitabu vya bustani, yanaonyesha jinsi mbegu hii inavyopenda baridi. Kwenye udongo wa nyuzi 0, mbegu 83 katika kila 100 ziliota, lakini baada ya siku 63. Kwenye nyuzi 5 ziliota 96, kwa siku 23. Kwenye nyuzi 10 ziliota 91, kwa siku 12. Kwenye nyuzi 15 zilishuka hadi 82, ingawa zilitoka kwa wiki moja. Udongo ulipofika nyuzi 20, ziliota 52 tu, na kwenye nyuzi 25 zilibaki 28.

Takwimu hizo zina mafunzo mawili. La kwanza, kukimbilia kupanda udongo ukiwa karibu na kuganda hakuleti faida kubwa, kwa kuwa mbegu itakayotiwa wiki kadhaa baadaye kwenye nyuzi 10 inaweza kuifikia ile iliyotangulia. La pili, kungoja joto zuri la kumfaa binadamu ni kupoteza nusu ya mbegu. Kati ya nyuzi 5 na 15 ndipo pa kupandia, na kipimo huchukuliwa asubuhi, kwa kuchomeka kipimajoto kina cha sentimita 5 hivi.

Theluji ikishayeyuka, kuna kipimo kingine kisichohitaji chombo. Chota udongo, ufinyange kiganjani, kisha uuguse kwa kidole. Ukimeguka, lima. Ukibaki donge linalong'aa kwa maji, ondoka shambani, maana udongo mbichi ukilimwa hushikamana na kuwa mgumu msimu mzima.

Jalidi yenyewe si adui mkubwa. Mche uliozoea baridi huvumilia nyuzi 6 hivi chini ya sifuri. Asubuhi majani hulala chini, meusimeusi kama yaliyochemshwa, na jua likipanda husimama tena. Kosa ni kuyachuma yakiwa bado yameganda, kwani yatalegea kabisa. Mche mchanga, ambao haujazoea, hufunikwa kwa kitambaa chepesi kinachopitisha mwanga na maji.

Tatizo hasa ni mwanga. Spinachi hutoa maua siku zinaporefuka, na kwa aina nyingi hilo huanza mchana ukifikia saa 13 au 14. Leadville iko nyuzi 39 kaskazini mwa ikweta. Mchana wake hufikia saa 14 mapema mwezi Mei, na mwezi Juni hukaribia 15. Kwa kuwa zao huchukua siku 40 hadi 50, mbegu ya Mei hukomaa katikati ya siku ndefu kuliko zote. Baridi ya mlimani huchelewesha maua, haiyazuii. Dalili huanzia katikati ya mmea: majani mapya hutoka membamba yenye ncha kama mshale, kisha bua hurefuka. Ukiona hivyo, vuna yote siku hiyo, kabla hayajawa machungu.

Ndiyo maana mpango mzuri huko una vipindi vitatu. Cha kwanza ni mara udongo unapolimika, kwa aina zinazochelewa kutoa maua, na majani huchumwa yakiwa madogo. Cha pili ni mwanzo wa Agosti. Mchana unafupika, usiku unazidi kuwa baridi, na mmea unakua ukielekea kwenye hali unayoipenda. Hapa udongo wa juu unaweza kuwa na joto mno mchana, kwa hiyo tuta hunyweshwa na kutiliwa kivuli hadi mbegu ziote.

Cha tatu ni mwisho wa Agosti, kwa mavuno ya mwaka unaofuata. Mche wenye majani machache hulala chini ya theluji, ambayo huukinga na upepo mkavu na baridi kali, kisha huanza kukua kabla mtu hajaweza kulima. Hatari iko mahali ambapo upepo hupeperusha theluji, au udongo unapoganda na kuyeyuka mara kwa mara hadi kuisukuma mizizi juu. Matandazo hupunguza madhara hayo. Mavuno yake hayadumu, kwa sababu mmea uliopitiwa na baridi huwahi kutoa maua siku zikirefuka.

Mkulima wa Kinangop nchini Kenya au Njombe nchini Tanzania asinakili tarehe hizi. Karibu na ikweta mchana hucheza kwenye saa 12, kwa hiyo urefu wa siku hausumbui. Joto, mvua na jalidi ndivyo vinavyoamua. Tena, majani mengi yanayouzwa sokoni kwetu kwa jina la spinachi ni ya mmea wa jamii ya bitiruti, wenye tabia zake. Kinachonakilika ni utaratibu: kupima udongo kwanza, ndipo kufungua pakiti.

Kwa bustani ya Rocky, uamuzi wangu ni huu: kwenye pakiti moja, theluthi ipandwe udongo unapolimika, zilizobaki zigawanywe kati ya mwanzo na mwisho wa Agosti. Katikati ya Juni usipande.