Kicheko cha Darasani

Kila asubuhi vijana wetu wa Lubunga huvuka mto Kongo kwa mtumbwi, waende kusoma chuo kikuu ng'ambo ya pili. Wazazi wameuza mihogo na makaa ili walipe nauli na karo. Basi tuulize: kijana huyo hupokelewaje na wenzake?

Mwanafunzi mgeni huitwa "bleu". Waliomtangulia humwamuru apige magoti, aimbe, avae nguo kinyume. Siku hizo hupita. Lakini kuna ubaya usiopita. Akisimama darasani kujibu, akakosea neno moja la Kifaransa, mabenchi ya nyuma humzomea. Tena tangu mapigano ya Wambole na Walengola ya mwaka 2023, yaliyoua watu na kufukuza wengi hata hapa Lubunga, mzaha wa kabila umekuwa sumu. Kesho yake kijana hajibu tena. Mwishowe havuki tena.

Watetezi husema: "Ni desturi ya chuo, nasi tulitendewa hivyo." Twajibu: desturi hii haikutoka kwa mababu. Ilikuja toka vyuo vya Ubelgiji, na hata Lovanium, chuo cha Wakatoliki kilichofunguliwa mwaka 1954, kiliifuata. Kwa hiyo sisi Wakatoliki tusijifanye wasafi. Na yule asemaye "nasi tulitendewa" afanana na mtu aliyeibiwa mbuzi na jirani, akaenda kudai mbuzi wake kwa mgeni aliyefika jana.

Wala kosa si la mchokozi peke yake. Mmoja husema, hamsini hucheka. Pasipo hao hamsini, neno lake lingeanguka chini. Askari nao walimvika Bwana wetu taji la miiba, wakampigia magoti kwa dhihaka. Kwao ulikuwa mchezo tu. Na mwalimu aonaye hayo akatabasamu, amekwisha kuchagua upande wake.

Enyi vijana mliopokea Kipaimara, msicheke. Mwenzenu akiketi na aibu yake, nendeni mkae kando yake. Hilo halihitaji fedha, lahitaji moyo. Nasi wazazi na makatekista, mtoto arudipo jioni, tusimwulize tu, "Umepata pointi ngapi?" Tumwulize pia, "Leo umemcheka nani?"