Dipoziti Huisha Kabla ya Notisi

Chukua nyumba ya chumba kimoja cha kulala mtaani Umoja, Nairobi, kodi Sh12,000 kwa mwezi, ilipwe kufikia tarehe 5. Mpangaji aliingia kwa Sh24,000: kodi ya mwezi wa kwanza na dipoziti ya mwezi mmoja. Mwenye nyumba mgeni wa kazi hii huona amejikinga. Mpangaji akianza kukwama Machi, hesabu huenda hivi.

Machi ni mwezi wa ahadi: "Mzee, Ijumaa nitakutumia." Aprili simu haishikwi. Notisi ya mwezi mmoja inaandikwa Aprili ikielekea kwisha, na hata akihama bila ubishi mwisho wa Mei, anadaiwa Sh36,000. Dipoziti inafunika theluthi tu, na bili ya maji bado haijaguswa. Sasa fanya haraka iwezekanavyo: barua ya madai tarehe 6 Machi, notisi imfikie kabla Machi haijaisha, ahame mwisho wa Aprili. Deni ni Sh24,000, na dipoziti inafunika nusu.

Notisi yenyewe haikwepeki. Upangaji wa mwezi kwa mwezi usiotaja muda wa notisi husimamiwa na kifungu cha 57 cha Sheria ya Ardhi ya 2012: notisi isipungue kipindi cha kodi. Dipoziti ni ya mwezi mmoja na notisi ni ya mwezi mmoja, lakini unapoiandika, mdaiwa amekwishakaa bure wiki kadhaa.

Hapo ndipo wengi hukimbilia kufuli. Keretaka anatumwa usiku, mlango unafungwa au unang'olewa kabisa, maji yanakatwa. Kumtoa mtu bila amri ya mahakama ni kumpa kesi bure, naye anaweza kurudishwa ndani na kulipwa fidia juu yake. Kwa nyumba zinazolindwa na Sheria ya Udhibiti wa Kodi, kumsumbua mpangaji ili ahame ni kosa la jinai. (Sheria hiyo inahusu kodi isiyozidi Sh2,500 kwa mwezi, kiasi ambacho Nairobi ya leo ni shida kukipatia hata chumba cha mabati.)

Njia halali ya kukamata mali ni dalali mwenye leseni. Anaorodhesha vitu na thamani yake, kisha anampa mpangaji siku 14 akomboe. Lakini tazama kilichomo ndani: godoro, mtungi wa gesi, televisheni, viti vya plastiki. Toa ada ya dalali uone kinachobaki.

Kwa nyumba ya kodi hii, naona kinacholipa ni kusamehe mapema, ingawa kinauma. Mwambie katikati ya Machi: ukihama kufikia Jumamosi, sikudai kitu, na kilichobaki kwenye dipoziti baada ya maji nakutumia. Unapoteza wiki mbili au tatu, si miezi mitatu. Masharti mawili tu: iandikwe na kutiwa sahihi, na pesa ziende kwa M-Pesa funguo zikiwa mkononi na nyumba iko tupu. Ukitanguliza pesa, umemlipa mtu akae.

Dipoziti basi ni ya nini? Ni ya sinki, soketi, vitasa na vioo, na hapo inatosha vizuri, mradi kuna ushahidi. Siku ya kuingia zungukeni chumba kwa chumba, mpige picha, muandike namba ya mita ya maji na idadi ya funguo, wote wawili mtie sahihi. Ufa wa kioo usipoandikwa siku hiyo, usije ukautoza baadaye. Rangi iliyofifia kwa kuishi tu ni gharama ya mwenye nyumba. Wanaokata pesa za rangi kila anapohama mtu ndio waliowafundisha wapangaji kutolipa mwezi wa mwisho na "kukalia dipoziti"; wapangaji hao siwalaumu sana, maana wanajua haitarudi.

Aliyenyimwa Sh12,000 zake siku hizi ana pa kwenda. Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi Nairobi mwaka 2021, husikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni, na sheria inataka kesi imalizwe ndani ya siku 60. Mpangaji anaweza kujisemea bila wakili. Mwenye nyumba atakayeitwa huko ataulizwa kwanza ile karatasi ya siku ya kuingia.