KIKWETU CHA NANI?
Lugha ya kwanza darasani huko Meru na Embu

Wanaotetea elimu ya lugha mbili kwa watoto wadogo hupenda kutaja shule za Kimandarini na Kiingereza za Marekani, kama ile ya Chinese American International iliyofunguliwa San Francisco mwaka 1981. Kenya nayo, mwaka 2019, ilitangaza kwamba Kimandarini kingefundishwa kuanzia gredi ya nne. Nia ya makala haya si kukibeza Kimandarini, bali ni kuuchunguza msingi ambao lugha hiyo ingejengwa juu yake huko Meru na Embu.

Tume ya Ominde (1964) ilipendekeza Kiingereza kitumike kufundishia tangu darasa la kwanza. Ripoti ya Gachathi (1976) ilipendekeza lugha ya eneo katika madarasa matatu ya kwanza. Miongoni mwa vitabu vilivyohudumia ufundishaji huo ni vile vya Tujifunze Kusoma Kikwetu, vilivyotayarishwa na Taasisi ya Elimu ya Kenya. Neno "kikwetu" ndilo tunalolihakiki hapa.

Kimeru cha shuleni kilifuata hasa usemi wa Imenti. Mtoto wa Tharaka alipokabidhiwa kitabu cha Kimeru, alitakiwa kujifunza mambo mawili kwa pamoja: kusoma, na lugha ya kusomea. Huko Embu, kwa miaka mingi, Biblia na maandiko mengi yaliyosomwa yalikuwa ya Kikuyu. Basi, pale Mkikuyu aandikapo handũ, kwa maana ya mahali, Mwembu husema vandũ. Mtoto wa Kiembu anayetamka vandũ mbele ya neno handũ hajakosea kusoma, ametafsiri. Mwalimu asiyelijua jambo hilo atamsahihisha, na mtoto ataondoka akiamini kwamba usemi wa mama yake ni kosa.

Hapo ndipo mfano wa San Francisco unapotupotosha. Mtoto wa huko azungumzaye Kiingereza nyumbani hukikuta Kiingereza hicho hicho kitabuni. Kimandarini huongezwa juu ya lugha iliyokwisha kusimama. Mtoto wa Tharaka aliongezewa Kimeru cha wengine, Kiswahili na Kiingereza, kabla lugha yake haijapata nafasi yake.

Tena kuna hazina inayopotea. Kimeru na Kiembu vina irabu saba, ilhali Kiswahili kina tano. Aidha hutofautisha maana za maneno kwa toni, kama kifanyavyo Kimandarini. Maandishi ya kawaida hayaonyeshi toni hizo, wala shule haimfahamishi mtoto kwamba anazo. Anayetaka Kimandarini kifaulu angeanzia hapo.

Itasemwa kwamba serikali haiwezi kuchapa vitabu kwa kila lahaja. Hoja hii ina uzito, hasa katika miji ambamo watoto wa makabila mengi huketi darasa moja. Huko Kiswahili kinafaa kuwa lugha ya kuanzia. Lakini kijijini hatudai maktaba. Tunadai kitabu kimoja chembamba cha kwanza, na mwalimu aliyefunzwa kutambua tofauti ya kosa na lahaja. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, imeiagiza Dola kuziendeleza lugha za asili. Agizo hilo halitimizwi kwa kumpa mtoto lugha ya jirani yake na kuiita kikwetu.