Ngazi Isiyo na Lugha: Uhakiki wa Mfumo wa UNESCO wa Umahiri wa TEHAMA kwa Walimu Tarajali wa Kiswahili

UNESCO ilitoa mfumo wa umahiri wa walimu katika TEHAMA mwaka 2008, ikaurekebisha mwaka 2011 na tena mwaka 2018. Makala hii inauhakiki mfumo huo kwa swali moja: je, unamtosha mwalimu tarajali anayeandaliwa kufundisha Kiswahili nchini Rwanda au Uganda, ambako lugha hiyo ina hadhi rasmi kisheria lakini si lugha ya kwanza ya wanafunzi walio wengi?

Toleo la mwaka 2018 lina umahiri 18 uliopangwa katika vipengele sita na ngazi tatu. Vipengele hivyo ni uelewa wa sera, mtaala na upimaji, mbinu za ufundishaji, matumizi ya stadi za kidijitali, uendeshaji wa shule na darasa, na ujiendelezaji wa mwalimu. Ngazi zake ni upataji wa maarifa, uimarishaji wa maarifa na uundaji wa maarifa. Ubora wake mkuu ni kwamba unakataa kuifanya TEHAMA kuwa ufundi wa kompyuta pekee, kwani stadi za kuendesha mashine ni kipengele kimoja tu kati ya sita. Hapa mfumo unaafikiana na Mishra na Koehler (2006), ambao waliendeleza hoja ya Shulman (1986) kwa kuonyesha kuwa maarifa ya somo, ya ufundishaji na ya teknolojia hufanya kazi kwa kushikana.

Hata hivyo, mpangilio wa ngazi unakaribisha usomaji wenye hatari. Chuo kinaweza kuzigeuza kuwa ratiba: mwaka wa kwanza kuchapa na kutengeneza majedwali, ufundishaji baadaye. Kwa njia hiyo kompyuta hubaki kozi moja na mbinu za kufundisha kusoma kozi nyingine, na jukumu la kuziunganisha humwangukia mwanagenzi. Tuchukue mwalimu tarajali ambaye wanafunzi wake, kwa athari ya Kinyarwanda au Luganda, huchanganya /l/ na /r/, hivyo «kula» na «kura» zikasikika kama neno moja. Akiwarekodi kwa simu ya mkononi, akawasikilizisha sauti zao na kuwaacha wajisahihishe wenyewe, stadi ya kidijitali aliyoitumia ni ya chini kabisa, lakini uamuzi wake wa kifundishaji ni wa kina. Kipimo kinachotazama ugumu wa kifaa kitamweka ngazi ya chini, ilhali kinachotazama somo kitampandisha.

Udhaifu wa pili ni wa lugha. Mfumo unatambua ujumuishi, lakini hakuna hata kimoja kati ya vipengele sita kinachosimamia lugha ambayo teknolojia hiyo inatumiwa. Kwa mwalimu wa Kiswahili, pengo hili si dogo. Programu ya kuchapia iliyowekewa Kiingereza huchora mstari mwekundu chini ya neno sahihi kama «wanaowafundisha». Mwanafunzi asiye na uhakika na lugha hiyo huona kosa mahali pasipo na kosa, na mwalimu asiyeandaliwa hana la kumjibu. Kwamba hali hii si ya lazima ilidhihirika zamani: Jambo OpenOffice, iliyotolewa mwaka 2004 kutokana na kazi iliyofanyika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilionyesha kuwa programu ya ofisi inaweza kumhudumia mtumiaji kwa Kiswahili.

Tatu, mfumo hauna nguvu ya kuzuia sera inayoanzia kwenye kifaa. Rwanda iliingia katika mpango wa One Laptop per Child mwaka 2008, na Kenya ikaanza kupeleka vishikwambi katika madarasa ya awali ya msingi mwaka 2016. Tathmini ya mpango wa kompyuta kama huo nchini Peru, iliyotolewa mwaka 2012, haikuona ushahidi wa kupanda kwa alama za hisabati na lugha. Funzo la Peru si kwamba vifaa havina maana, bali ni kwamba kifaa hakibuni somo. Anayelibuni ni mwalimu, na mwalimu huigiza alivyofundishwa. Mkufunzi anayesoma maelezo ya TEHAMA ubaoni yanakiliwe daftarini amekwisha kutoa somo jingine, lenye nguvu kuliko maelezo yenyewe.

Kutokana na uhakiki huu, mambo matatu yanapendekezwa. Mosi, umahiri wa mwalimu tarajali upimwe kwa somo alilolifundisha wakati wa mazoezi ya kufundisha, si kwa cheti cha kompyuta. Pili, wakufunzi waandaliwe kabla ya wanafunzi wao. Tatu, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iongoze uandaaji wa kipengele cha lugha kitakachoambatishwa kwenye mfumo huo, kikihusisha istilahi, visahihishi tahajia na matini za kufundishia. Bila hayo, nchi zilizokipa Kiswahili hadhi rasmi zitaendelea kuandaa walimu ambao mashine zao huisahihisha lugha wanayotakiwa kuifundisha.